Aliyekimbia Nyuma Yangu

Nyumba za Walimu,
Garissa.
Ijumaa, 24 Februari 1967

Dada yangu mpendwa Gacheri,

Pokea salamu zangu, wewe na Kendi na nyanya na wote wanaolala chini ya paa lako. Mimi ni mzima, ingawa kiangazi cha huku kimenikausha mpaka sauti, na nikipiga chafya hutoka vumbi. Wasiwasi wangu uko kwenu. Je, kile kikohozi cha Kendi kimekwisha? Nyanya bado anaweza kupanda ule mlima wa kanisani, au goti limemkatalia? Mmeshamaliza kupogoa kahawa? Huyakumbuka hayo jioni, wakati mikono yangu haina kazi, nikaona haya kwamba mnayafanya bila mimi.

Barua hii haiji kwa posta kama zile nyingine. Anakuletea Loise, muuguzi wa hospitali ya hapa, binti wa watu wa Nkubu, ambaye anakwenda likizo. Barua za posta siku hizi hufunguliwa njiani na kusomwa, na haya ninayokuandikia nataka yasomwe na wewe kwanza. Mpe chai na umkalishe. Mengi nitakayokueleza ameyaona kwa macho yake, na ukiwa na swali atakujibu.

Najua unangoja habari za mbio. Mbio zenyewe ni kesho. Wameshachora mstari wa chokaa mbele ya ofisi za boma, na leo asubuhi nimeona wafungwa wakiondoa mawe kwenye njia tutakayoizunguka mara kadhaa. Hutaamini jinsi mji ulivyochangamka. Tangu kamati ya michezo itangaze kwamba Garissa nayo itakuwa na marathoni yake, na kwamba mshindi atapelekwa Nairobi kushindana na wa mikoa mingine, watu waliosahau kucheka wamepata kitu cha kubishania. Polisi wana mtu wao, magereza wana wao, jeshi lina wawili, na walimu walinichagua mimi. Hili sikukuandikia mapema kwa kuogopa majivuno, lakini hata kwenye maduka ya Waarabu walikuwa wakisema mtu wa kuangaliwa ni Mwalimu Mutwiri.

Huku, dada, mtu hakimbii anavyotaka. Mji umewekewa vizuizi pande zote, na tangu vita hivi vya shifta, wale waasi wa Kisomali, vianze raia hatoki nje bila kibali. Jua likitua, kila mtu ndani. Miezi ya kwanza nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye uwanja wa ndege, nikizunguka na kuzunguka kama ngamia wa kinu, mpaka walinzi wakaacha kunitazama. Lakini mbio ndefu hazifundishwi kwa kuzunguka. Mwalimu mkuu akaniombea ruhusa kwa Inspekta Musyoka, Mkamba mmoja mtulivu anayesimamia vizuizi, naye akakubali kwa sharti: nitoke na askari mwenye bunduki, nisipite machimbo ya kokoto yaliyo kwenye barabara ya Dadaab, na tukifika hapo tugeuke.

Askari niliyepewa ndiye yule Korane. Utakumbuka nilikuandikia kwamba nimepewa Msomali mwenye bunduki anifuate nyuma porini, nawe ukanijibu kwa mstari mmoja tu, kwamba aliyemuua Baba Kendi naye alikuwa na bunduki. Sikukulaumu. Kaburi la mumeo lilikuwa halijaota majani, na lori lake lilikuwa bado liko pale kwenye barabara ya Isiolo likiwa na matundu yake ya risasi. Mimi mwenyewe wiki zile za mwanzo nilikuwa nikikimbia na mgongo ukiniwasha, nikisikiliza hatua zake nyuma yangu kama mtu anayesubiri kupigwa.

Ni kijana wa rika langu, mrefu, mwembamba, mwenye pengo la jino moja la mbele. Alizaliwa katika kambi ya wafugaji huko upande wa visima vya Dadaab na akachunga ngamia mpaka alipoandikwa uaskari. Alikuwa akikimbia na sare yake nzima, mkanda wa risasi kiunoni, makubadhi ya tairi miguuni, na bunduki ameilaza mabegani kama fimbo ya mchungaji, mikono ameining'iniza juu yake. Mimi nilikuwa na raba za turubai na kaptura. Na bado, nikigeuka kumtazama, nilimkuta pale pale, hatua kumi nyuma yangu, mdomo umefungwa.

Ilikuwa kawaida yetu kumaliza kwa kushindana kutoka kwenye mgunga mmoja uliokatika mpaka kizuizini. Kila siku nilishinda mimi. Nilimshinda wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, nikamshinda Januari. Nilimshinda hata mwezi wa Ramadhani, alipokuwa akikimbia bila tone la maji tangu alfajiri, mate hamezi, nami nikifika kizuizini najimwagia debe zima kichwani wakati yeye amekaa kivulini akinitazama kwa upole. Nakuambia hili ili ujue ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi gani. Nilikuwa nikimhurumia.

Alinifundisha mengi. Kiswahili chake ni cha huku, p hugeuka b, na maneno hukaa anapoyaweka. Akaniambia, “Maalim, wewe nagombana na barabara. Barabara hana makosa.” Maalim ndiyo mwalimu kwa lugha yao. Alinikataza kuvuta hewa kwa mdomo. “Bumua na bua. Mdomo ni ya chakula.” Alinifundisha kutotazama miguu yangu, bali nitazame pale mbingu inaposhika ardhi na niache miguu ijitafutie njia. Kwa mara ya kwanza nikaiona nchi hii. Nilikuwa nimekaa hapa zaidi ya mwaka nikiita ni jangwa. Kumbe asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, ina rangi kama ya ndani ya kombe la baharini, na swala wale wenye shingo ndefu husimama kwa miguu ya nyuma kula majani kama watu wanaoanua nguo. Wakati mwingine nilisahau kwamba niko mazoezini.

Njiani alikuwa akinisimulia habari za mama yake, Abshiro. Ni mjane tangu Korane akiwa mdogo. Hakutaka kuhamia mjini mwanawe alipopata kazi; alibaki na ngamia wachache na binti yake wa mwisho, Shamis, akihama na malisho. Korane alikuwa akimpelekea sukari na majani ya chai kupitia kwa wafanyabiashara wa mifugo, lakini tangu vita vikaze hakuna anayekwenda huko.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwanzoni mwa mwezi huu serikali ilitangaza kwamba wafugaji wote wa upande ule wahamie katika manyatta, vijiji vilivyozungushiwa seng'enge karibu na mji. Walipewa mpaka mwisho wa wiki hii. Baada ya hapo atakayekutwa porini, mtu au mnyama, atahesabiwa kuwa adui. Ndege ilipita ikimwaga karatasi. Korane aliniuliza wakati tunakimbia kama ni kweli zile karatasi zimeandikwa Kiswahili na Kiingereza. Nikamjibu ni kweli. Tukakimbia mpaka machimboni. Hapo ndipo akasema mama yake hasomi, na hata angesoma, karatasi zile zingeliwa na mbuzi kwanza.

Alikwenda kuomba ruhusa ya siku chache. Inspekta akamwambia likizo zimefungwa kwa wote, kwamba machifu wametumwa na habari itamfikia. Korane akajibu kwamba tangu azaliwe hajaona chifu aliyefika kwenye visima vyao. Akaambiwa arudi kazini.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku yangu ya mwisho ya mbio ndefu. Baada ya hapo mkimbiaji hupumzisha miguu mpaka siku yenyewe. Tulitoka alfajiri. Nilijisikia mwepesi kuliko siku zote, nikampigia Korane soga za Nairobi, kwamba nikishinda nitaomba naye aje aione. Tulipofika machimboni aliniambia nipumzike, naye akaenda nyuma ya lundo la kokoto. Aliporudi alikuwa amevaa kikoi na makubadhi tu. Sare alikuwa ameikunja vizuri, mkanda juu yake, kofia juu ya mkanda. Akaitoa risasi iliyokuwa ndani ya bunduki, akaifunga pamoja na nyingine katika kitambaa, akanikabidhi vyote.

Aliniambia, “Hii ya serikali. Rudisha. Hesabu mbele yao, waone yote iko.”

Nilimuuliza anakwenda wapi, ingawa nilijua. Nikamwambia watamhesabu mtoro, watasema amejiunga na shifta, atapigwa risasi na yeyote atakayemwona. Akasema anajua. Nikamwambia ni maili sitini na zaidi, na hana hata kibuyu cha maji. Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto wa darasa la kwanza aliyeshika kalamu kwa mkono mzima. Akaweka kiganja chake kifuani pangu, pale moyo unapopiga, akakiacha kidogo. Kisha akageuka.

Dada, sijui nitakuelezaje, nami ndiye niliyefundishwa kueleza.

Hakuondoka kwa kasi. Aliondoka kama mtu anayetembea, kisha mwendo ukarefuka, ukarefuka tena, mpaka nikaona kwamba hapa hakuna mtu anayejilazimisha kitu. Miguu yake haikuwa ikipiga ardhi. Ilikuwa ikiigusa na kuiacha. Vumbi halikutimka. Mabega yalitulia kana kwamba amekaa. Twiga waliokuwa wakila migunga waliinua vichwa wakamtazama apite, hawakukimbia. Nilikuwa nimekimbia na mtu huyu karibu kila siku kwa miezi mingi, na sikuwa nimemwona akikimbia hata mara moja. Miezi yote ile niliyokuwa nikimshinda kizuizini, alikuwa akinisubiri. Alikuwa amebeba bunduki na risasi na njaa ya Ramadhani, akipunguza mwendo ili asinipite, kwa kuwa kazi aliyopewa ilikuwa kukaa nyuma yangu.

Ungetarajia nione wivu, au aibu. Vilikuja baadaye kidogo, vikaondoka. Saa ile nilikuwa na jambo moja tu moyoni, lile linalomshika mtu anapoingia kanisani peke yake na kukuta kwaya iko ndani inaimba. Nilivua kofia yangu. Nchi ile ni tambarare, mtu hapotei kwa kukata kona, hupungua tu. Alipungua mpaka akawa mstari, kisha akawa kitu nisichokuwa na hakika kama nakiona au nakikumbuka. Nami nilikuwa nimesimama pale na bunduki ya serikali mikononi, raia, porini, peke yangu.

Nilijaribu kurudi kwa mbio. Niliilaza mabegani kama alivyokuwa akiilaza. Sikufika mbali. Chuma kile kilinikata shingo, kikanimaliza pumzi, mkanda wa risasi ukanipiga kwenye nyonga, na kabla ya kuuona ule mgunga uliokatika nilikuwa natembea, nikihema kwa mdomo. Karibu na kizuizi niliinyanyua bunduki juu ya kichwa kwa mikono miwili na kupaza sauti jina langu na jina la shule. Nilisikia bunduki zao zikikokiwa. Namshukuru Mungu askari wa zamu alinitambua.

Niliketishwa mbele ya Inspekta Musyoka. Tulihesabu risasi, zote zikatimia. Akaniuliza mengi, na swali kubwa lilikuwa Korane amekwenda upande gani. Nikamjibu. Jibu nililompa nitakueleza mbele kidogo, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Askari wakatoka na mbwa, wakarudi siku ya pili hawana kitu.

Wiki hiyo ilikuwa ngumu. Katika chumba cha walimu walisema walijua tangu mwanzo, kwamba fisi haachi pori. Wengine walinipongeza kwa kunusurika. Nilikuwa nikienda uwanja wa ndege jioni kunyoosha miguu, nikisikia utupu nyuma yangu. Niliwaza pengine amekwisha kuliwa na simba, au amewakuta mama na dada yake wameshakufa kwa kiu, au ni kweli wasemavyo na mimi ni mpumbavu.

Jana, Alhamisi, karibu na adhuhuri, tulisikia kelele kutoka upande wa kizuizi. Mwalimu mkuu mwenyewe alitoka darasani, nami nikamfuata. Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili za barabara. Kwa mbali alikuja ngamia mmoja, dhaifu, mifupa ya nyonga imesimama. Aliyemwongoza kamba alikuwa mwanamke mzee, mrefu, amejifunga shuka nyeusi, akitembea katikati ya barabara kana kwamba barabara ilitengenezwa kwa ajili yake. Juu ya ngamia kulikuwa na mikeka na vyombo vya maziwa na vijiti vya nyumba yao. Nyuma yake alikuja Korane, amembeba binti mgongoni kwa kitambaa. Huyo ndiye Shamis, aliyekuwa na homa na hakuweza kushika tandiko. Ngamia wengine walikuwa wamekufa kwa ukame. Wafugaji waliosalia pale visimani walikuwa wameuona moshi wa kambi zilizochomwa na hawakujua waende wapi. Nao aliwaonyesha njia, wanakuja.

Miguu yake, dada. Loise atakuambia, maana ndiye aliyeiosha. Makubadhi yalikuwa yamekatika njiani.

Akafika kwenye mti wa kizuizi, akamshusha dada yake taratibu kivulini, akamwekea kichwa juu ya mapaja ya mama yao. Kisha akajinyoosha, akamgeukia Inspekta, akapiga saluti akiwa na kikoi kile kilichochanika. “Askari Korane. Nimerudi kazini.”

Hakuna aliyecheka. Wakamfunga pingu na kumpeleka selo. Mama yake hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama mpaka mlango ukafungwa, akamfunika binti uso dhidi ya jua, akauliza kwa lugha yao maji yako wapi.

Jana hiyo hiyo jioni, kabla ya kafyu, Loise alikuja kwangu. Alikuwa ametoka kumfunga Korane vidonda, na alikuwa amesikia akihojiwa. Kutoroka kazini ni kosa, lakini silaha imerudi na mtu amerudi, na waliookolewa wameingia ndani kabla ya siku iliyowekwa. Kwa hilo angefukuzwa kazi na kufungwa miezi kadhaa, yaishe. Kilichomharibia ni jambo jingine. Walipomuuliza alipita wapi alisema kweli, kwamba alielekea moja kwa moja mawio ya jua. Inspekta akamwambia mwalimu alisema vingine. Korane akasema ndiyo, kwa sababu alimwelekezea mwalimu bunduki na kumlazimisha aseme hivyo. Kumtisha raia kwa silaha ya serikali wakati huu wa vita, dada, kunaweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi.

Haikuwa hivyo. Sasa nakuambia wewe nilivyomwambia Inspekta leo. Korane hakunielekezea bunduki wala hakuniomba niseme uongo. Hata hakuniomba ninyamaze. Nilipoulizwa amekwenda upande gani, ni mimi niliyenyoosha mkono huu ninaoandikia na kuwaelekeza mtoni, machweo, mahali ambapo hakwenda. Sikufikiri. Nilikuwa bado namwona mbele ya macho yangu, na nikaona ni kama ningewaelekeza wazime kitu ambacho sikujua kama kitawashwa tena duniani.

Najua ninayemwandikia. Huyu ni kaka yako uliyemlea, na aliwadanganya polisi kwa ajili ya mtu ambaye siku ile hakuwa na hakika naye, katika vita vilivyokuacha mjane. Nilipokuwa nikinyoosha mkono nilimkumbuka Baba Kendi. Nataka ulijue hilo. Nilimkumbuka, na nikaunyoosha.

Leo baada ya vipindi vya asubuhi nilikwenda kwa Inspekta Musyoka. Karatasi za Korane zinaondoka na msafara wa kesho alfajiri pamoja naye mwenyewe kwenda Nairobi, na zikishaondoka hazirudi. Nilimweleza kila kitu. Alikuwa akinywa chai, akaiacha ikapoa. Aliniuliza kama naelewa kwamba nimejishtaki. Nikasema naelewa. Akaniuliza, “Na mbio?” Nikasema namba nitairudisha kwa kamati. Akasema kwa sauti ya chini kwamba angeweza kuniweka ndani wakati ule ule aliposikia, ila mtoto wake yuko darasani mwangu na juzi alimsikia akisoma. Kisha akavuta karatasi, akaandika maneno yangu, akafuta yale ya Korane ya bunduki, nikatia sahihi.

Basi kesho sitakimbia. Namba yangu nimeirudisha kwa kamati. Wamempa mwalimu mwingine, kijana mzuri, nami nimempa raba. Nitakuwa kwenye lori la msafara na Korane, yeye mshtakiwa na mimi shahidi, na nikimaliza kuwa shahidi nitakuwa mshtakiwa. Huenda nikafukuzwa ualimu. Huenda nikafungwa kidogo. Inspekta anadhani haitazidi miezi michache, lakini hakuniahidi.

Nilipewa nafasi ya kumwona Korane mlangoni. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alinigeuzia mgongo muda mrefu, miguu imefungwa bandeji mpaka vifundoni. Aliniambia nimeharibu mbio za bure, kwamba alikuwa ameshanipangia mwendo: nianze nyuma ya wanajeshi, niwaache wagombane na barabara, niwapite kwenye mzunguko wa tatu. Nikamwambia mpango huo naujua, ndio aliokuwa akiutumia kwangu, isipokuwa kule mwisho. Hapo akageuka, na nikaliona lile pengo la jino.

Kutoka hapo nilipita manyatta kumjulia hali mama yake. Nunow, mwalimu wa Kurani wa shuleni kwetu, alinifasiria. Shamis homa imeshuka. Abshiro alikuwa amekwisha kusimamisha nyumba yake, nadhifu, katikati ya zile nyumba za haraka haraka. Aliniambia mwanawe amemweleza juu yangu. Akauliza mama yangu ni nani, apate kumwombea. Nikasema mama alifariki, aliyenilea ni dada. Akauliza mume wa dada yupo. Sikutaka kumjibu, lakini sikutaka uongo mwingine. Nikamwambia Nunow amwambie alikuwa dereva, akauawa na shifta barabarani.

Nunow akafasiri. Mama yule aliweka chini chombo cha maziwa alichokuwa amekishika. Akaketi mchangani, mzee kama alivyo, akavuta shuka yake akafunika uso, na akakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Alipofunua uso aliuliza jina lako. Nilimtajia. Ulimi wake haukuliweza vizuri, akalirudia mara kadhaa mpaka akaridhika nalo, kisha akainua mikono akaomba. Sikuelewa ila jina. Gajeri, alisema. Gajeri.

Ukiona huwezi kunijibu, dada, nitaelewa, na nitaendelea kukuandikia.

Nisalimie nyanya, na umweleze kwa namna ambayo haitamtia hofu. Kendi mwambie mjomba hakupata kombe, lakini amemwona mtu akikimbia, na siku moja atamsimulia. Jirani zetu wa pande zote mbili nao wasikie salamu. Mungu awalinde mpaka macho yetu yaonane.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja,

Justus Mutwiri